Kopo ya Tano

Ejore alitoka Lodwar bila zawadi yoyote, na hakuona aibu. Alikuwa tu na jerikeni ya maji, ameifunga nyuma ya pikipiki na mpira, anaipeleka Kakuma kwa bathdei ya mtoto wake Abei.

Wenzake wa steji ya bodaboda walimcheka mpaka wakashika mbavu. Ekai, ule huwa hanyamazi, akamwuliza kama Kakuma wameishiwa na maji, na kama ni hivyo mbona asibebe na jua pia. Ejore akakaza mpira ya jerikeni. Si ni Ekai mwenyewe alianzisha hiyo mambo? Abei alipofikisha mwaka moja, mama yake, Jeanine, alimleta Lodwar aone kwa baba, na boda wote wakasema mwenye bathdei lazima alowe. Sasa mtoto kadogo hivyo utakamwagia ndoo? Wakamshika Ejore wakamlowesha yeye, na mtoto akapewa kopo moja kichwani, kopo ya maziwa ya unga. Alicheka ile kicheko ya kukosa pumzi. Kutoka hapo ikawa sheria: kila mwaka kopo moja inaongezeka, na baba lazima alowe pia. Hakuna keki, hakuna nguo mpya. Abei hakujua kama bathdei inaweza kuwa kitu ingine.

Lakini ya mwaka huu ilikuwa ya mwisho. Jeanine ni Mkongo, aliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa msichana, na faili yake ya kwenda ng'ambo ilifunguliwa kitambo, kabla hata ajuane na Ejore. Alipozaa, mtoto akaandikwa kwa mama. Ejore hakuandikwa mahali. Na hata kwao Turkana hangeinua mdomo, kwa sababu hajawahi kutoa mbuzi ya mahari hata moja, na mtoto hujamtolea mifugo ni wa kwao mama. Alikuwa anajiambia atatoa. Wacha deni ya pikipiki iishe kwanza. Wacha kiangazi iishe kwanza. Basi kiangazi ikaisha, ingine ikaja, na sasa kesho asubuhi mama na mtoto wanapimwa joto, wanapanda basi, wanapelekwa kwa ndege. Kila mtu begi moja. Jeanine alimpigia akamwambia asinunue kitu, maana hata doli ya Abei inabaki kwa jirani.

Ejore alitaka kitu moja tu. Mtoto wa miaka tano anaweza kusahau baba yake, hata uso, hata sauti. Lakini maji baridi kichwani, alifikiria, hiyo mwili haiwezi kusahau.

Alifika kambi jua ikiwa kali bado. Ilunga, kaka ya Jeanine, alikuwa nje anafunga begi ya dada yake na kamba, ameikalia kama mtu anashinda mbuzi nguvu. Yeye faili yake bado, anabaki.

"Ejok, shemeji," akamsalimia kwa Kiturkana, akaangalia jerikeni. "Unaleta mayi? Huko banaenda, mayi inatoka mbinguni bure."

Abei alikuwa amevua viatu tayari. Alitoka mbio na kopo mkononi, akagonga magoti ya baba yake na kichwa.

"Apa, leo ni tano," akamwambia, vile Waturkana huita baba. Akaonyesha na vidole, asije akasahau.

Jeanine alitoka na hakuangalia uso ya Ejore, aliangalia jerikeni. Akamvuta kando ya ua. Akamwambia mtoto amekohoa wiki mzima, ndio kifua inaanza kupoa. Akamkumbusha mwaka jana, baada ya zile kopo nne na upepo ya jioni, venye mtoto alilazwa. Akamwonyesha na kidevu nyumba ya pili, pale kunaishi watu wa Burundi: mtoto wao alipatikana na homa siku ya safari, wakatolewa kwa basi, makaratasi ikazeeka, mpaka leo wako hapo wanapika maharagwe.

"Mayi hapana, Ejore," akasema. "Leo hapana. Ukitaka unitukane, nitukane. Mtoto asilowe."

Ejore akasema sawa. Mdomo ndio ilisema.

Majirani walikuja mikono mitupu venye waliambiwa. Jeanine alikuwa amechoma mandazi, wakaimba kwa lugha tatu, kila mtu na speed yake. Halafu, kwa sababu hakuna mtu alileta kitu, Ilunga akasema kila mtu amwekee Abei mkono kichwani amwambie kitu alifanya akiwa mdogo, hiyo haina kilo kwa begi. Akaanza yeye mwenyewe, na ile siku Abei alizamisha simu yake kwa uji ndio ishibe. Mama moja akasema Abei alikuwa analia tu kanisani, sokoni hapana. Watu wakacheka. Ikafika kwa Ejore. Akaweka mkono, nywele ilikuwa moto na jua. Alikuwa na mengi, lakini yote ilikuwa ya maji.

"Ulikuwa unacheka," akasema.

Abei akangoja aendelee. Ejore akaondoa mkono.

Watu walipotoka, Jeanine na Ilunga wakaenda kurudisha viti za kanisa. Upepo ilikuwa imeanza, ile ya jioni inabeba mchanga na karatasi. Abei hakungoja kuambiwa. Aliburuta jerikeni na mikono mbili mpaka kwa miguu ya baba yake, akampatia kopo, akavua rinda, akasimama. Macho amefunga. Mabega ameinua mpaka kwa masikio, anacheka kabla ya kitu kuchekesha.

Ejore akafungua jerikeni, akajaza.

Na hapo ndipo fikira ilimwingia bila hodi. Kwamba haihitaji kugombana na mtu. Haihitaji mbuzi wala faili. Kopo tano tu, na huu upepo, na hiyo kifua. Asubuhi atakuwa moto. Basi itaenda bila yeye. Na nani atamlaumu baba amemwagia mtoto wake maji siku ya bathdei?

Mkono yake ilikuwa juu tayari. Abei akakohoa, kidogo tu, na akafunga mdomo haraka kama mtu ameficha kitu.

Ejore akageuza kopo, akajimwagia mwenyewe.

Abei akasikia maji ikianguka na hakulowa. Akafungua macho. Akaangalia baba yake, maji inamtiririka kwa shingo, shati imeshikana na mwili.

"Ni bathdei yangu," akasema. "Si yako."

Ejore akamvalisha rinda. Alikuwa anataka kumwambia, lakini utamwambiaje mtoto kwamba nimekunyima ndio uweze kuniacha? Abei akamsukuma, akaingia nyumba, akalala kifudifudi kwa godoro, akakataa kugeuka. Jeanine aliporudi alimpata Ejore ameketi chini amelowa, akaingia ndani akashika mtoto kichwa, nywele kavu. Akatoka mpaka mlangoni.

"Aksanti," akasema, na akarudi ndani haraka.

Asubuhi mwuguzi aliweka ile kitu ya kupima kwa paji ya uso ya Abei, akaangalia, akasema huyu ako sawa, wa pili. Jeanine akampeleka mtoto kwa Ejore amuage. Abei akaficha uso kwa sketi ya mama. Ejore akamgusa kisogo. Basi ikajaa, Jeanine akamweka Abei kwa dirisha, akajaribu kumgeuza na mkono, na mtoto akakaza shingo akiangalia kiti ya mbele, mpaka basi ikaondoka.

Ilunga alimwambia wakunywe chai. Ejore akasema ana wateja.

Steji ya Lodwar walikuwa wanamngoja. Si jana alitoka kabla wamloweshe? Hakuna mtu alikuwa anajua habari ya ndege, hakuwahi kuwaambia. Hata kabla hajashuka pikipiki, Ekai akatoka nyuma ya kibanda na ndoo na kopo, wengine wakamzunguka ndio asipate njia, maana kila mwaka huwa anakimbia mpaka barabarani.

Hakukimbia. Alisimama tu, macho amefunga, mabega ameinua. Ekai akamwaga moja, mbili, tatu, nne, steji yote ikipiga kelele.

"Basi, imetosha," Ekai akasema, anaweka ndoo chini.

"Ongeza moja," Ejore akasema, bado amefunga macho. "Sasa ako tano."