Sabufa Chini ya Mtoto Yesu

Mama mkwe alikuwa ameshavuka kizingiti akihama, sanamu ya Mtoto Yesu kwapani, na mkewe Crisanto nyuma yake na begi, maana Crisanto alikuwa ameondoa madhabahu yao kwenye kona ya sebule ili aweke sabufa.

"Mama, besi hainogi mpaka kona!"

"Basi ikupikie hiyo besi!"

"Haya, wakae wote wawili!" Crisanto akaipokonya sanamu, akaisimamisha juu ya sabufa, akachomeka waya, akafungulia ngoma za sikukuu. Sabufa ikanguruma. Sanamu ikatikisika, ikajizungusha taratibu, kama mji wao wote wa Cebu, Ufilipino, unavyomchezea Mtoto Yesu kila Januari.

Mama mkwe akapiga ishara ya msalaba. "Leo anatuchezea yeye! We mjinga, ongeza sauti!"

Mama mkwe alibaki, na sabufa ikawa ya Mtoto Yesu: ngoma asubuhi hadi usiku. Mke alirudisha nguo kabatini. Majirani walihama. Crisanto husikiliza muziki wake kwa simu, chooni.