Kambi ya Mlimani

Kwa miaka ishirini ya ndoa Kaswera aliishi Bunia bila kupigilia msumari hata mmoja ukutani. Walipanga mtaa wa Rwambuzi, mwenye nyumba akawataka watoke. Wakapanga nyuma ya soko, nako wakatolewa. Wakarudi Rwambuzi, chumba kingine, mlango mbovu zaidi. Kila mara mumewe Lambert, mfanyabiashara wa samaki wa chumvi, alimwambia asifungue mizigo yote, maana wao ni watu wa Lubero na siku moja watarudi. Siku moja hiyo haikufika. Na mwanamke anayekula miaka yote hiyo kwenye sahani za bati, huku za kaure za harusi zimo sandukuni zimefungwa magazeti, huwezi kumdai moyo mweupe.

Kaswera mwenyewe Lubero aliijua kwa jina tu. Alizaliwa huko, lakini wazazi walikufa angali ananyonya, akalelewa na masista hapa hapa Bunia. Walimfundisha kushona, kusoma na kukaa kimya. Sheria za ukoo hawakumfundisha, wangezijulia wapi.

Mwaka wa 1974 Wagiriki walipolazimishwa na serikali kufunga maduka yao na kuondoka, mmoja wao alimwachia Lambert kijumba chake cha mlimani, kando ya njia inayoteremka kwenda Kasenyi. Vyumba viwili vya mawe, baraza, na mahali pa kukokea moto ndani, kwa kuwa juu kule kuna ukungu na baridi inayoingia mifupani. Mgiriki alikuwa akipanda huko Jumapili kukimbia joto la ziwa. Lambert alikifanya stoo ya samaki, wala hakuwahi kulala humo usiku hata mmoja.

Baada ya miaka minne akaugua. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano, na daktari akamwambia aende nyumbani akapumzike. Daktari akikwambia upumzike, ujue yeye amekwisha kupumzika na wewe. Kile chumba cha Rwambuzi kilikuwa na joto la kumchemsha mgonjwa, kwa hiyo wakapanda mlimani, Lambert amelazwa nyuma ya kamyoneti, gari dogo la mizigo, na Kaswera amemshika kichwa.

Alipofungua mlango, harufu ya samaki ilimpiga puani na popo wawili wakampita juu ya kichwa. Akasimama katikati ya uchafu ule, akaona mawe ya ukuta jinsi yalivyo manene, akasema moyoni kwamba hapa hatoki tena. Duniani hakuwa na tamaa nyingine. Alitaka nyumba ambayo hakuna mtu atakayesimama mlangoni kumwambia afungashe.

Kuta alizisugua kwa maji ya majivu na majani ya ndimu siku tatu mfululizo. Jirani yake Geneviève, mwanamke Mlendu aliyelima bondeni, alimwonyesha kijito chenye udongo mweupe, wakaubeba kwa beseni vichwani. Rangi nyeusi waliipata kwa kutwanga mabetri ya redio yaliyokufa, nyekundu ilikuwa chini ya miguu yao. Geneviève alichora kwa vidole, mistari iliyokwenda sambamba kama matuta ya maharagwe, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mapazia yalitokana na magunia ya unga yaliyochemshwa hadi maandishi yakafutika, ila moja lililogoma, na Geneviève akamtania kwamba Mungu akichungulia chumba chake atasoma uzito wa ngano. Sahani za kaure zikatoka sandukuni. Akanunua misumari, akaanza kuipigilia.

Kila nyundo ilipolia Lambert alifumba macho kitandani. Kaswera aliona. Aliendelea kupiga. Watu walisema ni ukatili kupamba nyumba mgonjwa akiwa anahesabu pumzi ndani yake, na wacha waseme, wao hawajafukuzwa nyumba baada ya nyumba.

Alasiri moja Lambert alimwita. Kaswera aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono ingali na udongo mweupe.

"Mama Emérance," Lambert alisema, akimwita kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Mongbwalu, "mimi nikikufa, munipeleke Lubero, kwa baba. Musinizike huku."

"Huku pia iko kwako."

"Hapana. Huku iko kambi. Acha ikuwe kambi."

Alitaka kuendelea, lakini pumzi ilimkatika, akabaki akimtazama mkewe kwa yale macho ya manjano, akingoja aulizwe. Kaswera hakuuliza. Alisikia neno kambi tu, nalo lilimchoma. Nyumba aliyoisugua kwa kucha zake, mumewe aliiita kambi! Akasema mchuzi utaungua, akaenda jikoni, na huko akalia kwa hasira. Angeuliza kwa nini, neno moja tu, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Jumatatu iliyofuata Katsuva, kaka mkubwa wa Lambert, aliwasili kutoka Lubero pamoja na wazee wawili, na kamyoneti la kukodi lenye turubai. Hakuna aliyeuliza turubai ni la nini. Alhamisi asubuhi, Kaswera akiwa anafunga pazia la mwisho, Lambert alikata roho bila kusema kitu kingine.

Katika ukoo wao mjane huulizwa mbele ya watu neno la mwisho la marehemu, na atakalosema halibishwi. Katsuva alimuuliza kwa upole, kofia mkononi. Kaswera akatazama kuta. Akaliona moyoni lile kamyoneti likishuka na maiti, na yeye nyuma yake, kwenda kulia matanga kwa watu asiowajua. Na nani angemrudisha? Nyumba isiyo na kaburi, alijiambia, mtu yeyote anaweza kukutoa. Nyumba yenye kaburi ni kwenu.

"Alisema alale hapa," akajibu. "Mbele ya baraza."

Katsuva akamwomba arudie. Akarudia, na sauti haikumtetemeka. Wakachimba kaburi mbele ya baraza, na kamyoneti likarudi tupu.

Matanga yalipoondolewa Katsuva alimwita Kaswera akae naye nje, wale wazee wawili wakiwa mashahidi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alikuja na nia ya kumchukua ndugu yake na kuondoka.

"Kambi ya mufanyabiashara iko ya bibi yake," alisema. "Siye hatuna neno na kambi. Lakini penye tumelaza mutu yetu, ile udongo iko ya ukoo. Lambert alijua hii sheria. Nilishangaa, nilizani atakuachia nyumba. Lakini neno ya mufu hatubishe."

Mke wa Katsuva, Vahwere, na watoto wao wangehamia hapo mwezi ujao. Kaswera, kama akikubali kurithiwa, angekuwa mke wake wa pili na angepewa chumba cha nyuma. Kama hakubali, akae tu kama mgeni, hakuna anayemfukuza. Hivyo ndivyo wahenga walivyotuonya, kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Kisha Katsuva akasifu kuta. Alisema wazee walipoziona ndipo walipoacha kusita, wakakubali kwamba kweli mtu anaweza kuzikwa mahali hapa.

Kaswera alijua kwamba neno moja lilitosha kuitengua sheria ile. Angesema nilidanganya. Kaburi lingefunguliwa, naye angekuwa mwanamke aliyemwibia maiti neno lake la mwisho, na hata Emérance asingemtazama tena usoni.

"Na mimi nikikufa," akauliza baadaye, "mutanizika wapi?"

Katsuva alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Kama unakataa kuriziwa, hauko wetu. Wa kwenu watakuja kukuchukua."

Kaswera akaitikia kwa kichwa. Wa kwao walikuwa wamekufa yeye angali ananyonya. Siku ya pili, kabla hajaambiwa na yeyote, alifunga nguo zake kwenye kitenge ili arudi Rwambuzi kutafuta chumba cha kupanga. Akapita mbele ya baraza, akachuchumaa kando ya lile tuta la udongo mbichi, akaongea chini chini kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Ulisema Lubero," alimwambia. "Nilisikia, Baba Emérance. Nilisikia muzuri kabisa."