Uso Ndani ya Faili

Maame Foriwaa, muuza madonge ya kenkey mlangoni pa duka letu la uchapaji, anaapa alimwona Kwadwo amesimama nyuma ya kompyuta yangu, wiki moja baada ya kufa. "Hataki uso wake uonekane, mwanangu. Mashine yako ni nzima."

"Wewe mama, uza kenkey," nikamjibu.

Ubovu niliujua. Kwadwo alikuwa akituchorea mabango kwa programu mpya, na sisi hapa Kumasi tunachapa kwa ya zamani. Mafaili yake yalikuwa yakifunguka nusu. Nikimwandikia, alikuwa akinirudishia faili lililohifadhiwa kwa toleo letu.

Safari hii ni bango la msiba wake mwenyewe. Alilichora akiwa mgonjwa, akaweka humo picha pekee aliyokubali kupigwa. Kompyuta yake imefungwa kwa neno la siri alilokwenda nalo. Mazishi ni Jumamosi.

Nikalifungua tena faili, mjane wake Abena akiwa kwenye benchi. Jina likaja, maua yakaja. Mahali pa uso palikuwa peupe.

"Jaribu tena, dada. Watu watamuagaje bila kumwona?"

Nikajaribu tena. Peupe. Vidole vyangu, kwa mazoea tu, vikashika simu: "Kaka Kwadwo, halifunguki. Nihifadhie kwa toleo la zamani, tafadhali." Nikatuma.

Mkoba wa Abena ukalia. Akatoa simu ya marehemu, akasoma. Akaiweka mezani katikati yetu. Maame Foriwaa akaacha kenkey yake, akaingia, na sote watatu tukakaa tukiitazama ile simu.