Pumzi za Mkono

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya paa la watu, akiwa anapigilia bati. Mafundi wenzake humwita Paka, maana alishaanguka mara nyingi na kila mara alisimama, akajikung'uta vumbi na kudai chai. Safari hii hakusimama. Walimleta hospitali nyuma ya gari la mchanga, kwa sababu la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine, na mimi nikawakuta mlangoni.

Chumba cha dharura kilikuwa kimefurika. Vitanda vimejaa, magodoro yamejaa, na waliokosa vyote viwili walilazwa kwenye machela kando ya ukuta. Muuguzi alikuwa mmoja, na kila alipopita watu walimvuta gauni. Daktari alimpitisha Paka bomba kooni, akaliunganisha na mfuko wa mpira, akaubonyeza mara chache, kisha akaniangalia.

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Mikono yako mizima?"

"Mimi ni mshonaji."

"Basi shika hapa. Mashine za kupumulia zote zina watu. Bonyeza, achia, subiri kidogo, bonyeza tena. Usiharakishe, na usiache. Ukiacha, hapumui."

Nilimwuliza kama hiyo ni kazi ya dada wa mgonjwa. Nilimwuliza kwa sauti ya juu, ndivyo nilivyo, sina breki. Hakukasirika. Alisema, "Hapana, si kazi yako," akakimbilia kitanda kingine.

Nikabonyeza. Wifi yangu nilikuwa nimemkataza kuja, ana mimba kubwa, na sikutaka amwone mumewe anapumua kwa kiganja changu. Kila nilipobonyeza kifua kilipanda, na kila kiliposhuka moyo wangu ulishuka nacho.

Kando ya kitanda cha pili alikuwepo mzee mmoja, fundi saa, naye anabonyeza kama mimi. Mkewe alikuwa amegongwa na pikipiki akivuka barabara, kichwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Hawakuwa na mtoto wala jamaa wa karibu.

"Pole, baba," nilimwambia.

"Tumeshapoa, mwanangu. Huyu bibi miaka yote ananilaumu kwamba nina maneno mengi. Leo nimesema peke yangu tangu asubuhi, hajanikatiza hata mara moja. Sijapata kuchoka hivi."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Tangu hapo tukawa tunataniana ili vidole visituume. Nilipokaukiwa koo kabisa aliniambia nikanywe maji. Niliporudi nilimkuta ameketi katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja kwa mkewe, mwingine kwa mdogo wangu, anabonyeza huku na huku, jasho linamtiririka hadi kwenye miwani. Nilimpokea mfuko wangu, nikaendelea kubonyeza.

Muda wote huo nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mungu wangu, ifungue mashine moja tu. Mtoto wa huyu azaliwe amkute babake.

Jua lilikuwa bado halijazama, pazia la pembeni lilipovutwa. Mwanamke akapiga yowe nyuma yake, kisha mashine ikatoka ikisukumwa. Niliomba mashine, sikuuliza itatoka kwa nani.

Daktari alisimama nayo katikati yetu. Alimtazama Paka, akamtazama bibi, akamtazama Paka tena. Sisi wawili tuliendelea kubonyeza, tumemkodolea macho.

"Huyu kijana," alisema polepole.

Nilipiga vigelegele. Ndiyo, mle ndani, mbele ya watu wanaokata roho, nilipiga vigelegele. Walimuunganisha Paka, kifua kikapanda chenyewe, na mikono yangu ikabaki inaning'inia haina kazi. Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona mzee. Alikuwa anabonyeza vilevile, hajaruka pumzi hata moja.

"Hongera, mwanangu," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, anabonyezea kiganja sasa. Nikamwambia anipe mfuko. Akakataa, akasema huyu ni wake.

"Na huyu wangu nani alimshika nilipokwenda kunywa maji?" nilimfokea. "Lala kidogo, baba. Nikichoka nitakuamsha."

Akanipa. Alijinyoosha sakafuni juu ya boksi lililotandazwa, usingizi ukamchukua papo hapo, akaanza kukoroma.

"Bibi, unayavumiliaje haya?" nilimuuliza mkewe, nabonyeza, naachia. Nilimweleza habari za Paka na za mtoto anayekuja. Nilimwomba radhi kwa vile vigelegele. Nilibonyeza vizuri, naapa, vizuri kuliko nilivyombonyezea ndugu yangu.

Muuguzi alikuwa anapita, akasimama. Akamwekea bibi vidole shingoni, akamulika macho yake kwa kitochi, akamwita daktari. Daktari akasikiliza kifuani kwa muda mrefu.

"Dada, acha."

"Siachi. Ni wewe uliyeniambia nisiache."

Aliweka mkono wake juu ya wangu. "Moyo umesimama. Hujakosea kitu."

"Mngekuwa na mashine ya pili?"

 Kutoka mlangoni waliita jina la kazi yake, daktari, daktari, na machela nyingine ikaingia ina mtoto, naye akaikimbilia. Muuguzi alibaki anaangalia kitanda, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Nakihitaji, dada yangu," alisema. "Naomba unisamehe. Sina pengine pa kumlaza."

Nikauachia mfuko. Kifua cha bibi kilishuka, nikangoja, hakikupanda. Nyuma yangu mashine ya mdogo wangu iliendelea kuvuma, na nilishukuru kuisikia, na nilijichukia kwa kushukuru.

Nilipiga magoti sakafuni, nikamgusa mzee begani.

"Baba."

Alishtuka, akaketi haraka, akapapasa miwani yake akaivaa. Akanyoosha vidole kimoja kimoja vikaalika, kisha akanikunjulia mikono yote miwili.

"Umechoka, mwanangu?" alisema. "Haya, lete. Zamu yangu."