Aliyesimama Mbele ya Maiki

Feni ilizimwa isiingie kwenye rekodi, na wanawake watano wa kikundi cha kuimba harusini wakajipanga mbele ya maiki moja, jasho likiwatiririka ndani ya sare. Studio yenyewe ni chumba kimoja pale Kerege, kuta zimebandikwa trei za mayai. Tangu asubuhi walikuwa wakirudia kiitikio kile kile.

Ishaka, fundi wa studio, alivua hedifoni akamwomba mama aliyesimama mbele arudi nyuma kidogo, maana sauti yake inawafunika wenzake. Mbele hakukuwa na mtu.

"Huyo ni mama yangu," Tabia alisema. "Hajawahi kurudi nyuma."

Mama yake, Mwanvita, alifariki mwezi wa Ramadhani. Kabla ya hapo Bi Shufaa, kiongozi wao, alikuwa amemfukuza kwa kuimba na kikundi cha mahasimu. Ukweli ni kwamba alikwenda kumwoza mtoto wa dada yake, akaitikia nyimbo kama mama mdogo yeyote, na kikundi kilichoalikwa kikawa hicho. Wote walilijua hilo, na hakuna aliyekanyaga kwenye hitima yake. Tabia alishika nafasi ya marehemu kikundini akitumaini siku moja jina la mama litatajwa tena. Kumngoja mtu mkaidi kunachosha kuliko kuimba.

Ishaka alisogelea maiki. "Shikamoo mama. Naomba upumzike kidogo."

"Marahaba," spika zilijibu.

Wakaimba bila yeye. Kiitikio kikapwaya, kikawa kama chai ya jana. Bi Shufaa mwenyewe akaagiza arudi, naye akarudi, wakamaliza kwa mara moja.

Yakabaki majina. Nyimbo zao zote huishia kwa kiongozi kuwataja waitikiaji, kila mmoja akiitika. Bi Shufaa alimtaja Shamsia, akamtaja Mize, akamtaja Sikuzani. Akamtaja Tabia.

"Abee," Tabia aliitika, kisha akasema taratibu, "Mtaje na mama, Bi Shufaa. Si yuko hapa?"

Bi Shufaa alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Alionekana amechoka sana.

"Kata hapo, baada ya abee," alimwambia Ishaka.

Wimbo ulipendwa, unapigwa harusini hadi Msata. Mwishoni, baada ya abee ya Tabia, husikika mtu akivuta pumzi ili aitike. Wimbo unaishia hapo.