Bitana Laini

Chirau alikuwa na tabia moja ambayo mkewe alishachoka kumsema nayo: alifanya kazi kwa mdomo. Uzi aliulainisha kwa mate na kuukata kwa meno. Ngozi ngumu aliitafuna ukingoni mpaka ikubali sindano. Na ngozi ngeni hakuiamini mpaka aibane kwa midomo na kuionja kidogo, kisha atangaze kwa majivuno: huyu mbuzi, huyu ndama, huyu ngamia wa huko Mackinnon Road. Hakuwahi kukosea, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa Ukunda, hatua chache kutoka msikitini, na ukihesabu viatu mlangoni siku ya Ijumaa, nusu yake ni makubazi ya Chirau.

Jumatatu moja Rispah alimletea buti. Rispah ni mwanamke wa bara anayewapandisha watalii farasi ufuoni Diani, na Jumamosi ya wiki hiyo alitakiwa kuongoza farasi kwenye harusi ya wageni. Mwenye farasi alikuwa amemwambia hataki kumwona tena na raba. Basi akaagiza buti ndefu za kupandia, nyeusi, zinazofika chini ya goti, zikaja kwa posta kutoka ng'ambo zikiwa zimefungwa kama maiti ya mfalme. Nzuri zilikuwa nzuri. Ila zipu ilipanda kutoka kisiginoni, ikafika kwenye shavu la mguu, ikagoma.

"Nilijipima vile walisema kwa website yao," Rispah alilalamika. "Nikatuma namba. Sasa ona!"

"Ulijipima saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi, nikitoka tu kitandani."

Chirau akacheka. "Asubuhi mguu ni wako peke yako. Mchana, kwa joto la hapa petu na farasi kutwa, mguu ni wa watu wawili. Kiatu hakipimwi asubuhi."

Hakumgusa mguu, mwanamke wa watu. Alimpa tepu ajipime mwenyewe, akamkalisha kwenye benchi kama aliyepanda farasi, huku mguu na huku mguu, magoti yamekunjwa. Hapo likaonekana kosa la pili: ukingo wa juu ulimchoma nyuma ya goti. Rispah alieleza kwamba buti mpya lazima izidi kimo kidogo, kwa sababu itashuka ikishajikunja kwenye kifundo. Chirau akamjibu kwamba itashuka upana wa kidole kimoja, na hizi zimezidi viwili. Wakaafikiana. Atafumua mshono wa nyuma atie utepe wa ngozi kupanua shavu, na juu atapunguza kidole kimoja.

Alipofumua ndipo alipokutana na bitana, ile ngozi ya ndani inayogusa mguu. Ilikuwa ngozi nyembamba ya rangi ya mchanga, laini kama sikio la mtoto mchanga, na imetapakaa vitundu vidogo vilivyokaa vitatu vitatu. Akadhani ni urembo wa kiwandani. Akaitia mdomoni. Ilikuwa na mafuta mafuta kwa mbali, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ulimi wake haukupata jina. Mtu mwingine angeuliza. Chirau alijiambia, "Ndama wa Ulaya," akaendelea kuitafuna siku tatu.

Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Alikuwa anamfikiria Maalim Swabir, aliyemsomesha Kurani chuoni utotoni, ambaye sasa alikuwa na kisukari. Gidamu, ule ukanda unaopita baina ya kidole gumba na cha pili, ilikuwa imemchubua Maalim mpaka pakawa na kidonda kisichofunga, na daktari alikuwa ameanza kuutazama mguu ule kwa macho ya kukata. Chirau alikwisha kumtengenezea gidamu tatu, na zote zilimuumiza. Jumanne jioni akaivika ya nne bitana ile. Maalim akavaa, akatembea hatua chache, akasimama.

"Chirau, hii si ngozi," alisema. "Hii ni rehema."

Alhamisi saa tano mchana Rispah akaja moja kwa moja kutoka ufuoni, mguu umevimba kama ilivyotakiwa. Zipu ikapanda bila kusita. Akakaa kwenye benchi, akakunja goti, akasimama, akachuchumaa. Buti zilimkaa utadhani amezaliwa nazo. Chirau alifurahi kuliko yeye. Akaona uzi umebaki ndani ya ukingo wa buti ya kushoto, akamwomba aivue, akainama akaukata kwa meno.

"Na vile nilikuwa naogopa zitanichubua!" Rispah alisema. "Lakini nguruwe hachubui, aki. Hiyo ya ndani ni soft sana."

Mdomo wa Chirau ulikuwa bado juu ya buti.

"Nini ndani?"

"Nguruwe. Imeandikwa kwa boksi. Si unaona hivi vitundu, tatu tatu? Hapo ndipo manyoya yake yalikuwa." Akamtazama. "Fundi? Si wewe hujua ngozi zote?"

Chirau alizijua ngozi zote isipokuwa hiyo moja, na hiyo hakuijua kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameikimbia. Sasa alikuwa ameila. Siku tatu ameitafuna, ameilamba, mate yake ameyameza, na kwa mdomo huo huo amesoma Fatiha. Alimwambia Rispah aende na buti zake. Rispah alianza kuomba radhi, maskini, hana kosa lolote, lakini Chirau hakumsubiri amalize. Alikimbilia nyuma ya kibanda akatapika chai ya asubuhi, akatapika hata kisichokuwepo. Kisha akachota udongo, akauchanganya na maji, akasukutua, akasugua ulimi kwa kidole mpaka ukatoa damu. Mara sita tena akasukutua kwa maji matupu. Ile ladha ya mafuta haikuondoka. Kila alipomeza mate alihisi manyoya matatu matatu yakishuka kooni.

Sindano zote alizitupa chooni, na msharasi wa kutobolea ngozi, na kisu. Mikono pia aliiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotoharishwa najisi ya nguruwe. Ndipo alipomkumbuka Maalim.

Lililompasa alilijua. Angekwenda kwa Maalim aseme. Lakini aseme nini? Kwamba bingwa wa ngozi, anayeonja na kutangaza, amemvisha mwalimu wake nguruwe? Kabla ya alasiri Ukunda nzima ingekuwa imesikia. Nani tena angetia mguu kwenye kubazi la Chirau? Akaketi kibandani, udongo bado katika meno, akijichukia na kutafuta njia.

"Assalaam aleikum, Chirau."

Alikuwa Maalim mwenyewe, anakwenda kusali adhuhuri. Alikuwa ametawadha nyumbani, na maji ya udhu yalikuwa bado yanameta baina ya vidole, juu ya ile gidamu. Chirau aliyaona. Hakuweza kutazama kitu kingine.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Tazama." Mzee akainua mguu kidogo, kwa furaha kama mtoto mwenye nguo ya Idi. "Kidonda kimeanza kufunga! Daktari mwenyewe ameshangaa. Tangu niugue sijapata kiatu kilichonihurumia hivi." Akainua mikono. "Mola aibariki mikono yako, Chirau. Na mdomo wako Auongoze, usinene ila la haki."

Hapo ndipo pahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango.

"Amina," akaitika Chirau.

Maalim akaenda zake msikitini na nguruwe mguuni. Chirau alitema mate chini, akatema tena. Safari hii hakujua anatema nini.

Njia aliyoipata ilikuwa ya aibu, na aliipenda kwa sababu haikuhitaji maneno. Wakati wa alasiri, watu wakiwa ndani, atayachukua makubazi yale mlangoni na kwenda kuyachoma. Viatu huibiwa msikitini kila siku. Maalim atasikitika, na Chirau atamshonea mengine bure, na aonekane mwema juu ya hayo. Hakuna kiumbe Chirau alichokidharau kama mwizi wa viatu vya msikitini, na sasa alikuwa amesimama pale pale, gazeti mkononi ili asiyaguse, anayazoa kama mtu anayezoa mavi ya paka.

"Ala! Chirau?"

Alikuwa Mwero, mfagiaji wa msikiti. Alimshika shati mgongoni, na hakumwachilia mpaka imamu alipotoa salamu na watu wakaanza kutoka.

"Maalim, mwizi wetu huyu hapa," Mwero alisema. "Mshonaji ndiye mwibaji."

Maalim alisimama mlangoni miguu mitupu. Akaliangalia gazeti. "Ungeniambia unayataka, ningekupa," alisema taratibu.

Basi Chirau akasema, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kujificha. Aliwaeleza habari za buti, bitana na gidamu. Watu wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Mmoja aliinua kubazi lake akaligeuza juu chini, akalichunguza, akalibwaga.

Maalim aliutazama mguu wake. Uso wake ulijikunja, akauweka mguu ule mbali na mwenziwe.

"Hukujua?" aliuliza.

"Wallahi sikujua, Maalim."

"Basi huna dhambi. Sala nitazirudia. Umejua lini?"

Chirau angeweza kusema uongo. Hakuna aliyekuwepo isipokuwa Rispah.

"Leo. Saa tano."

"Saa tano," Maalim alirudia. "Adhuhuri nilisimama mbele yako."

"Ndiyo, Maalim."

"Nikakuombea dua."

"Ndiyo."

"Nawe ukaitikia."

Maalim hakuuliza tena. Alimwagiza Mwero udongo na ndoo ya maji, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuosha mguu wake. Udongo aliusugua kila mahali, hata baina ya vidole, pale palipokuwa pameanza kufunga, na midomo yake ikatetemeka kwa uchungu. Chirau alichuchumaa amshikie kata ya maji. Maalim akaihamishia upande wa pili. Alihesabu mwenyewe kwa sauti, moja mpaka saba, na damu kidogo ikashuka na maji ya mwisho.

Alipomaliza alitaka kusimama, na mguu haukumkubalia. Chirau akamnyooshea mkono wake, ambao ulikuwa safi, uliooshwa mara saba, bado unanuka udongo. Maalim aliutazama ule mkono. Akapandisha macho akautazama mdomo. Kisha akaishika nguzo, akajiinua mwenyewe.