Namba Kumi na Tisa

Binti yangu mkubwa alikuja kukaa nasi akiwa na mimba ya miezi mitano, mumewe yuko safarini kikazi. Si mtu wa kukaa bure. Mimi shule niliiacha mapema na mwandiko wangu ni kama kuku amepekua, basi akachukua daftari la kondoo. Kila asubuhi nilipapasa migongo ya majike, nikatazama viwele na chini ya mkia, nikataja namba ya sikioni na hali ya mnyama. Yeye akaandika.

Mwezi huo nilileta jike mmoja wa mnadani, tayari ana mimba, nikampa namba kumi na tisa. Kila mfugaji anajua kondoo mgeni hutengwa kwanza. Mimi nilimchanganya na wenzake siku hiyohiyo, kwa sababu nilishawatambia majirani kwamba jicho langu halidanganywi.

Wiki ya tatu nikamkuta amesimama pembeni, kondo la nyuma linaning'inia, na kitoto kimelala kwenye nyasi, hata manyoya hakina. Nilikifukia kwenye samadi haraka. Binti yangu alipofika na kuuliza habari za namba kumi na tisa, nikamwambia aandike kwamba hakushika mimba. Akaandika. Akanitania kwamba safari hii jicho limeingia mchanga, kisha akainama, akazoa zile nyasi zilizolowa kwa mikono mitupu. Nilimwona. Nikacheka naye.

Wiki tano baadaye, majike wanne walitupa mimba ndani ya siku tatu, kuanzia Jumatatu. Daktari wa mifugo akaja, akafunga makondo kwenye mifuko, akasoma daftari. Kwa kuwa hadi Jumatatu ile halikuonyesha tatizo lolote, akaanza kuuliza habari za chakula. Majani makavu anayatunza nani? Yameota ukungu? Binti yangu alisema ni yeye, labda hakuyafunika vizuri. Nikanyamaza. Mtu mzima, nimekunja mikono, namwacha mwanangu abebe mzigo wangu.

Daktari alipoinua macho akaliona tumbo lake. Akaniuliza kama huyu naye huwa anaingia zizini. Alisema ugonjwa wa namna hii unaweza kumdhuru mjamzito, aende kliniki leo, asingoje kesho.

Nilimpeleka. Muuguzi alikuwa mama mpole, aliandika huku akiongea. Akauliza kondoo wa kwanza alitupa mimba lini. Binti yangu akajibu Jumatatu, kama lilivyosema daftari. Muuguzi akasema afadhali, ni siku chache tu, labda wangoje kwanza majibu ya damu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Ningeweza kukaa kimya na hapo pia.

"Si Jumatatu," nikasema. "Ni wiki tano sasa. Kitoto cha wa kwanza nilikifukia mwenyewe."

Kalamu ikasimama. Binti yangu hakugeuka.

"Kumi na tisa," akasema.

"Ndiye, mwanangu."

"Na zile nyasi nilizozoa?"

"Zilikuwa za kwake."

Muuguzi akafuta tarehe, akaandika nyingine, akasema dawa zinaanza leo, hakuna cha kungoja majibu. Kisha akaniomba nitoke. Pale kwenye benchi nikampigia daktari wa mifugo, nikamwambia aache kulaumu majani. Hakunifokea. Aliuliza tu nimefukia wapi, na kama siku ile nilimshika mnyama kwa mikono mitupu. Heri angenifokea.

Binti yangu alitoka baada ya muda mrefu, pamba imebanwa mkononi. Alisema moyo wa mtoto unadunda, na atarudi baada ya wiki mbili kujua zaidi. Alisema pia kwamba hadi ajifungue atakaa kwa mama yake mdogo.

Nikamwambia nitampeleka.

"Hapana, baba," akasema. "Nitapanda gari mwenyewe."